Mtu Aliyelipwa Kukaa

Kuna kazi na kazi. Kuna ya kubeba, kuna ya kuuza, kuna ya kuwapigia wenzako kelele mpaka jioni. Ya marehemu mume wa Mama Mkate ilikuwa kukaa. Msicheke. Hata mkewe alicheka siku alipoambiwa, akacheka mpaka akashika mbavu, kisha akanuna, na mnuno wenyewe ukadumu miaka na miaka.

Alikuwa akikaa katika chuo cha sanaa, juu ya jukwaa dogo la mbao, kifua wazi, kaptula kiunoni, na wanafunzi wamemzunguka kwa duara wakimchora. Asubuhi bega, mchana mgongo, siku ya mtihani mwili mzima. Kazi yake yeye ilikuwa asitikisike. Inzi akitua puani mwake, na amalize shughuli zake aende zake. Wanafunzi wakamwita Jiwe, na jina likamganda hata mtaani, mpaka watoto wake mwenyewe wakitumwa dukani walijitambulisha kuwa ni wa Jiwe.

"Yaani wanakulipa ukae?" Mama Mkate alimwuliza siku ile. "Basi kaa hapa nyumbani, mimi nikutazame bure."

"Wewe hunitazami," Jiwe akajibu. "Wewe unanipita tu ukienda jikoni."

Kilichomuudhi mama wa watu si kule kukaa. Ni kaptula. Macho hayana pazia, na ndani ya chumba kile kulikuwa na mabinti wa watu, wabichi, wenye ruhusa ya mwalimu kumtazama mume wake tangu kengele ya asubuhi mpaka ya jioni. Ulikuwa wivu, tuseme ukweli tu. Akaapa hakanyagi jengo lile, na yeye alikuwa mtu wa kushika neno hata linapomuumiza. Maonyesho ya kila mwaka yalipita, hakwenda. Siku chuo kilipomuaga Jiwe kwa hotuba na saa ya ukutani, mkewe alibaki nyumbani anakanda unga ambao hakuna aliyeuagiza.

Kukanda ndiyo ilikuwa kazi yake. Alifanya kazi katika kiwanda kidogo cha mikate, na mikono yake ilikuwa na nguvu hata wanaume wazima walisita kumpa mkono. Mikono hiyo hiyo ndiyo iliyompokea Jiwe jioni. Maana msidhani kukaa ni mchezo. Hebu jaribuni nyinyi, kaeni bila kujikuna mpaka chai ipoe, ndipo mje tuzungumze. Jiwe alirudi shingo imekakamaa, ubavu mmoja wa moto na wa pili wa baridi, kwa sababu chumba kile kilikuwa na hita moja tu, nayo iliwekwa upande mmoja. Alijilaza kitandani kifudifudi, Mama Mkate akamkanda kuanzia kisogoni kwenda chini, akimlaumu huku anamkanda, naye Jiwe anasimulia habari za wanafunzi, kila mmoja kwa jina alilompa yeye. Kulikuwa na Kidole Gumba, aliyempima kutwa kwa kidole, jicho moja amelifumba. Kulikuwa na Kifutio, binti aliyefuta kuliko alivyochora.

"Leo Kifutio kanichora sikio zuri kweli," anasema, uso umezama kwenye mto. "Kisha kalifuta. Hivi unavyoniona, nimerudi na sikio moja."

Basi watacheka hao, mpaka wifi mtu agonge ukuta wa chumba cha pili kuuliza kuna nini. Wifi huyo ni dada yake Jiwe. Hakuolewa, aliishi nao, na ulimi wake haukujua likizo. Alikuwa akisema kaka yake ndiye mvivu pekee duniani aliyepata kazi ya fani yake.

Jioni zile zikaisha. Jiwe akastaafu, akazeeka, akaugua ugonjwa mrefu, akafa. Watoto walikuwa wameshatawanyika, kila mmoja na maisha yake, nyumbani wakabaki mawifi wawili. Na mwaka wa pili baada ya mazishi Mama Mkate akagundua jambo lililomtia hofu kuliko kifo chenyewe: alikuwa anamsahau. Sauti alikuwa nayo bado. Lakini akifumba macho autafute uso, unamjia ule wa picha ya kitambulisho, picha pekee iliyobaki, ambayo Jiwe ametoa macho kama mtu aliyesingiziwa wizi. Alimkumbuka mumewe mpaka mifupa ikamuuma, na huyo aliyekuwa akimkumbuka hana uso.

"Nitazame mimi," wifi akamwambia. "Tumetoka tumbo moja."

"Wewe umemzidi ndevu," Mama Mkate akajibu, lakini kicheko chao hakikufika mbali.

Hali ikiwa hiyo ndipo, mchana mmoja, mwanamke wa makamo akabisha hodi, mkoba mzito begani. Alipofunguliwa alisimama mlangoni akitafuta pa kuanzia.

"Mama, mimi nilikuwa mwanafunzi kule chuoni. Sijui kama marehemu aliwahi kunitaja. Alikuwa akiniita Kifutio."

Mama Mkate hata hakusema karibu. Alimvuta ndani kwa mkono. Jina lile hakulisikia kinywani mwa mtu yeyote tangu Jiwe alipokata kauli, na sasa limekuja lenyewe, kwa miguu yake, lina mvi mbili tatu.

Kifutio akaeleza shida yake. Alikuwa msanii sasa, na kazi zake hazikuwa za kutundika ukutani. Unavaa miwani mikubwa inayofunika macho yote, unavaa vipokea sauti masikioni na glavu zenye nyaya mikononi, na mara uko mahali pengine kabisa. Mwaka ule alikuwa akitengeneza kazi juu ya mwili wa binadamu. Ukiingia unamkuta mtu amekaa. Unaweza kumzunguka, unaweza kumgusa, unaweza kumsogelea mpaka bega lake likawa kilima mbele yako na damu yake ukaisikia ikipita.

"Na mtu mwenyewe ni Jiwe," akasema. "Sisi mwili tumefundishwa na yeye. Nimekusanya michoro yake yote niliyoweza kuipata, yangu na ya wenzangu, ya waliotutangulia na waliotufuata. Kompyuta imeipanga mmoja juu ya mwingine, ikatoa mtu mmoja. Lakini Mama, kuna kitu hakijakaa sawa, na mimi sikioni. Nimemtazama mpaka nimechoka. Nakuomba uje umtazame wewe."

"Watu watamwona?"

"Maonyesho ni mwisho wa mwezi. Lakini mwenyewe ni wewe. Ukisema hapana, mlango haufunguliwi, hata kama wageni wamekwisha kualikwa."

Mama Mkate akasema atakwenda. Usoni alikuwa mpole, lakini moyoni, ah, moyoni palichemka. Mgeni alipoondoka tu akamgeukia wifi yake.

"Sikiliza. Nitakwenda, nitamwona. Wakishamtengeneza vizuri nitasema hapana, nimchukue, nije naye hapa. Wamemtazama maisha yao yote hao. Sasa zamu yangu."

"Utamweka wapi?" wifi akauliza. "Kabatini?"

Basi akavunja kiapo. Alivaa nguo yake ya kutokea, akapanda ngazi za chuo zile alizoapa hatazipanda, na mlango ulipofunguliwa akakijua chumba bila kuonyeshwa, kwa namna alivyosimuliwa. Hita ile pale, upande mmoja. Madirisha marefu yale. Rangi iliyoganda sakafuni tangu enzi. Jipya lilikuwa nyaya, na vikamera vidogo kwenye pembe za dari, vya kumfuata mtu anakokwenda. Jukwaa lilikuwa limesukumwa ukutani, limelika katikati. Mama Mkate akaliwekea kiganja. Miaka yote ile alilichukia kama mke mwenza, na kumbe ni ubao tu. Aliona aibu, akashukuru kwamba Kifutio alikuwa ameinamia mashine zake.

Akavishwa miwani, mkanda ukakazwa kisogoni.

Mtu alikuwa amekaa. Mwanamume mzuri, wa miaka arobaini hivi, kifua kipana, mikono juu ya magoti. Mama Mkate akamzunguka. Akamzunguka tena. Alimtazama pua, akamtazama vidole, akainama akamtazama miguu. Kisha akavua miwani.

"Huyu ni nani?"

"Mama..."

"Nauliza huyu ni nani. Nimevaa nguo yangu nzuri, nimemwachia wifi yangu jiko, nimekuja kumwona mume wangu. Mmeniletea bwana harusi wa watu!" Akaketi pale pale jukwaani, akalia kama mtu aliyefiwa leo, maana lile lilikuwa tumaini lake la mwisho la kumwona.

Kifutio akamwacha alie. Kisha akaenda kabatini akatoa michoro yenyewe, akaitandaza sakafuni chumba kizima. Mama Mkate akajifuta uso, akapita katikati yake akiokota mmoja mmoja.

"Hii pua si yake. Ya nani hii?"

Kifutio akatazama jina pembeni mwa karatasi, akaziba mdomo kwa mkono. "Ya Kidole Gumba. Pua yake kabisa hiyo, Mama. Na mpaka leo anayo."

"Na mabega haya yaliyolingana? Mume wangu alikuwa mchukuzi kabla hajaja kwenu. Magunia yalimshusha bega la kulia."

"Aliyechora hapa alikuwa bingwa wa kuogelea," Kifutio akasema polepole. "Hayo mabega ni yake."

Wakaendelea hivyo, karatasi baada ya karatasi. Huyu kampa Jiwe vidole vyake vyembamba, yule kampa kidevu cha baba yake. Kila mmoja, akimtazama Jiwe kutwa nzima, amejichora mwenyewe. Kifutio alisema ndilo kosa la kila mwanafunzi wa kuchora, na mwalimu aliwapigia kelele siku zote: acha kujichora, mchore mtu aliyeko mbele yako! "Na mimi leo," akasema, "nimeyajumlisha makosa yetu wote, nikayatia pumzi."

"Na miguu?"

Hapo ndipo walipogundua kubwa kuliko. Miguu haikuwepo. Michoro yote ile, hata ya mtihani, karibu kila mmoja uliishia magotini au kwenye kifundo. Kila mwanafunzi alianza na kichwa, akakipenda, akakikuza; akija kufika chini, karatasi imekwisha au kengele imelia. Kompyuta ilipokosa miguu ikatunga ya kwake, laini, isiyowahi kukanyaga kitu.

"Nyote mliishiwa karatasi?" Mama Mkate akauliza, na hapo hapo, machozi bado usoni, akaangua kicheko. "Mungu wangu! Mtu kakaa hapa mpaka mbao zimelika, na hakuna hata mmoja aliyemfikisha miguuni!"

Kifutio naye akacheka, tena akacheka kwa uchungu. "Basi tumfikishe sasa," akasema. "Nisaidie."

Yule mtu wa ndani ya miwani alikuwa kama udongo mbichi. Ukivaa glavu unaweza kumsukuma, kumvuta, kumminya, nazo glavu zinakubana vidole ili uhisi umegusa. Siku ya kwanza Mama Mkate alimshika kifua kwa nguvu za kiwandani, kifua chote kikabonyea ndani.

"Polepole, Mama! Huyo si gunia la unga."

Siku iliyofuata shida ikawa nyingine. Mikono ilikuwa tayari, lakini hakujua aipeleke wapi. Macho yake yalikuwa yamesahau kweli. Kila alipotaka kutengeneza uso yalimletea ile picha ya kitambulisho. Akasimama mikono hewani, mke mzima asiyejua kidevu cha mumewe kilikuwaje, na ile hofu ya nyumbani ikamrudia yote. Akafumba macho, si kwa kutaka kitu, ila kwa kuchoka. Mikono ikaanza yenyewe.

Ilianzia kisogoni, mahali ilipozoea kuanzia kila jioni. Ikashuka shingoni ikakuta kile kinundu cha mfupa, ikakirudisha mahali pake. Ikaenda begani, ikalishusha la kulia. Ikapita ubavuni, kwenye ubavu mmoja uliovunjika zamani ukaunga kwa kupinda.

"Mama," Kifutio akasema, "umefumba macho?"

"Nimefumba."

"Miwani hiyo ni ghali kuliko gari langu. Ukifumba macho haina kazi."

"Basi na ipumzike. Niache."

Kifutio akamwacha, akawa anatazama kwenye skrini jinsi yule bwana harusi wa watu anavyoondoka kidogo kidogo. Mama Mkate alikanda akisema peke yake. "Hapa alianguka na gunia, hatujaoana. Hapa ni mimi, nilimgonga na mlango, akasema hakuumia, mwongo." Alipofika miguuni akapiga magoti. Visigino vilivyopasuka, alivyomgombezea kila msimu wa baridi na kumpaka mafuta huku akimgombeza. Kidole cha pili kilichompanda mwenzake, kwa ajili ya viatu vya kurithi kwa kaka mkubwa. Jiwe alikuwa na haya na kidole kile, hata akilala alikificha chini ya shuka. Mama Mkate akakipandisha pale pale kilipokuwa, akakipapasa mara mbili kuhakikisha.

"Fungua macho," Kifutio akasema.

Akafungua. Jiwe alikuwa amekaa mbele yake. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Alikuwa yeye, mwenyewe hasa, wa ule umri ambao watoto walikuwa wadogo na nyumba ina kelele, bega limeteremka, sikio limekunjika juu, na kile kidevu. Anapumua.

"Kumbe upo," Mama Mkate akamwambia. Akamshika mkono, glavu zikambana vidole, akakaa naye hivyo mpaka chaji ikaisha. Furaha ya siku ile hakuwahi kuipata tangu amzike.

Baada ya hapo alikwenda kila siku. Kazi ilikuwa imekwisha lakini hakusema imekwisha. Leo atadai unyusi, kesho atadai ukucha. Ukweli ni kwamba alikwenda kukaa na mumewe. Alimsimulia habari za mtaa, nani kahama, nani kagombana na nani, na Jiwe akamsikiliza bila kutikisika, kazi yake aliyoizoea. Nyumbani jiko likawa linalala baridi, wifi anakula mkate mkavu. Na neno lile likazidi kukomaa moyoni mwake: simtoi. Kifutio aliliona, hakuwa mjinga. Alipita huku na huko akibandika matangazo ya maonyesho ambayo huenda yasiwepo, kazi ya miaka yake yote imening'inia kwenye mdomo wa mama mmoja, na hakuthubutu kuuliza.

Aliyelivuruga jambo ni wifi. Siku moja akaja mwenyewe kuona ni kitu gani hicho kinachomlisha mkate mkavu. Akavishwa miwani. Mwanzoni alinyamaza, na wifi kunyamaza lilikuwa tukio. Kisha machozi yakamtoka chini ya miwani. "Kaka yangu," akasema. "Kaka yangu wee." Mama Mkate naye akavaa miwani ya pili akaingia, maana mashine iliweza kuwaonyesha waliomo ndani kama walivyo, na wakawa wote watatu pamoja kwa mara ya kwanza tangu msiba. Wifi akatazama kulia, akatazama kushoto, ulimi ukamrudia.

"Alaa! Wifi yangu, unajua umekaaje na huyu? Mtu akiingia sasa hivi atasema bibi kizee kaja kumtembelea mwanawe."

Ulikuwa utani tu, mawifi ndivyo walivyo, na Mama Mkate alicheka. Lakini ulimwingia. Alirudi nyumbani hakula. Aliitazama mikono yake juu ya meza, mishipa imesimama, madoa ya uzee hadi kwenye viwiko. Mwakani atakuwa amezeeka zaidi, na mwaka wa pili yake zaidi tena, na Jiwe atakuwa pale pale amekaa na kifua chake. Jambo hilo likamhuzunisha kiasi kwamba alijiona amefiwa upya.

Kesho yake alifika chuoni kabla Kifutio hajavua koti.

"Mzeeshe," akamwambia. "Mpe umri wake. Nataka tulingane."

Kifutio akabonyeza hapa na pale, na Jiwe akazeeka mbele ya macho yao, mwili mzima kwa mpigo, kila mahali sawasawa, kama shati lililokosa pasi.

"Siyo hivyo," Mama Mkate akasema. "Mtu hazeeki wote kwa pamoja. Anazeeka kipande kipande. Kuna vipande vinagoma kabisa."

"Basi nionyeshe, Mama. Mimi sina mchoro hata mmoja wa uzee wake. Hakuna aliyemchora."

Mama Mkate akavaa glavu, akafumba macho. Na kama mikono ilimjua Jiwe kijana, huyu ilimjua zaidi. Alimwogesha. Alimgeuza kitandani asubuhi na jioni. Mwishoni alimbeba peke yake, wala hakumlemea. Mikono ikaanzia chini, kwenye muundi uliokonda na goti lililobaki kubwa. Ikapanda kwenye nyonga, mfupa uliotokeza, pale alipokuwa akimwekea mto mdogo. Ikafika kwenye mtulinga chini ya shingo, kale kashimo kalikoshika maji akimwogesha, Jiwe akasema kwa ile sauti iliyobaki, "Umenichimbia kisima," na wakacheka wote wawili, hata siku zile, hata na maumivu yale. Mikono ikapunguza mwendo. Kisha ikasimama.

Akafumbua macho, akavua miwani, akatazama skrini. Alikuwepo mzee nusu, miguu myembamba chini ya kifua cha ujana. Na mbele ya skrini Kifutio ameinama anatazama, kwa heshima zote, macho yamejaa machozi.

"Iondoe," Mama Mkate akasema. "Yote niliyofanya leo."

"Mama, ni kazi nzuri mno. Ni nzuri kuliko yote."

"Najua. Iondoe, mwanangu."

Kifutio akaiondoa, Jiwe wa miaka arobaini akarudi kwenye kiti chake. Mama Mkate akavua glavu kidole kimoja kimoja, akaziweka mezani.

"Mwisho wa mwezi fungua mlango," akasema. "Waingie."

Msije mkaniuliza mimi nini kilimgeuza. Wifi alimwuliza jioni ile ile jikoni, wakisubiri mkate uive, nami nawapa kama alivyojibiwa.

"Miaka yote hii nilidhani wamenichukulia mtu," Mama Mkate alisema. "Yule wa mchana, wa kaptula, kweli alikuwa wao. Mimi nilikuwa kiwandani. Na walimpenda, wifi, ingawa miguu walimnyima. Sasa na mimi nimemwona, roho imetulia, wabaki naye. Lakini yule wa mwisho hakuna aliyemwona ila mimi. Nilikuwa nalia eti namsahau. Simsahau. Nilikuwa namtafuta kwa macho tu."

Wifi akainuka, akaenda kutazama mkate.

Siku ya maonyesho watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Walikuja wanafunzi wa zamani, wenye vipara, wenye fimbo, wengine na watoto wao wakubwa. Waliingia wachache wachache. Mama mmoja mnene alitoka akashika ukuta. "Jamani, miguu," alikuwa akisema. "Alikuwa na miguu!" Wifi alisimama mlangoni bila kutumwa na mtu, anampokea kila mgeni na kumweleza kwamba yeye ndiye dada mtu, na kwamba uvumilivu ule wa kukaa Jiwe alijifunza kwake. Mama Mkate alikuwa amekaa karibu na mlango wa kutokea, mikono mapajani, akiwatazama wanavyotoka. Hakuona wivu. Alijipekua vizuri, hakuuona.

Bwana mmoja, nywele zote nyeupe, alitoka ndani akauliza mjane ni yupi. Alipoonyeshwa alikuja akachutama mbele ya kiti chake, kwa taabu, magoti yakilia. Akasema alimchora Jiwe mwaka mzima alipokuwa kijana, kisha akahamia mbali na hakubahatika kumwona tena. Hata leo, akasema, akikaa kumchora mtu yeyote yule, mkono wake unaanzia kwenye lile bega.

"Mama, unisamehe kwa kuuliza," akasema. "Mimi naye tuliachana akiwa hivyo alivyo humo ndani. Nimekuwa nikijiuliza. Alizeekaje? Alikuwa anaonekanaje?"

Mama Mkate akamtazama. Angeweza kumwambia. Yote alikuwa nayo, tangu muundi mpaka kale kashimo ka maji, na mtu huyu alikuwa na adabu, na ilionekana wazi kwamba alimpenda.

"Vizuri," akasema. "Alizeeka vizuri."

Yule bwana akangoja aongeze neno. Hakuongeza.